Wiki ya 12: aendelee na sindano au aache?

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 54, Mrundi, mkimbizi wa mwaka 1972, ambaye sasa anaishi katika mji mmoja wa katikati ya Marekani. Ni mwanzoni mwa Desemba 2011. Anatibiwa homa ya ini aina C kwa sindano ya intaferoni na vidonge vya ribavirini. Amefika wiki ya 12 kati ya 48, na anataka kuacha. Mwanawe anataka aendelee hadi mwisho. Daktari ana majibu ya maabara ambayo kila mmoja wao anaweza kuyatumia kujitetea.

Mama huyu nimemuunda, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake. Lakini dawa alizotumia, viwango vya damu vya kupunguzia dozi, kanuni za kusitisha tiba na tarehe za dawa mpya ni vilevile vilivyokuwa. Mwaka 2011 nimeuchagua kwa makusudi. Swali la kuendelea au kuacha halijawahi kuwa gumu kama wakati ule. Dawa iliyokuwepo iliumiza na kuponya baadhi tu, na dawa bora zisizohitaji intaferoni zilikuwa zimeanza kutajwa kwenye mikutano ya madaktari ilhali hakuna famasi iliyokuwa nazo. Mwezi mmoja kabla, Novemba 2011, yalitangazwa matokeo ya kikundi kidogo cha majaribio: wagonjwa 10 wenye kirusi cha jenotaipu 2 na 3 (jenotaipu ni koo za kirusi cha C, hutajwa kwa namba) walimeza vidonge kwa wiki 12 bila sindano yoyote ya intaferoni, na wote 10 walipona. Mama wa kisa hiki ana jenotaipu 4.

Alikotoka

Alikimbia Burundi akiwa na miaka 15, akaishi upande wa Uvira, Kongo, hadi vita ya 1996 ilipomvusha Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Alikaa kambini Kasulu zaidi ya miaka 10, kisha mwaka 2008 akapelekwa Marekani katika mpango uliowachukua Warundi wa 1972, watu waliokaa uhamishoni muda mrefu hata hawakuwa tena na shamba wala nyumba ya kurudia. Anafanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Bima yake ya afya inatoka kwa mwajiri huyo. Hilo tusilisahau, litarudi.

Aliupata lini ugonjwa? Mwaka 1983 alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, akaongezewa damu. Damu ile isingeweza kupimwa hata kama hospitali ingetaka, kwa sababu kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989, na upimaji wa damu ya kuchangia ulianza 1990 katika nchi tajiri, kwetu baadaye. Njia nyingine inayowezekana ni sindano za zahanati. Vizazi vizima vya Afrika ya Kati na Maziwa Makuu vilichomwa sindano za kioo zilizochemshwa harakaharaka kati ya mgonjwa na mgonjwa. Misri ilipata janga lake kwa namna hiyohiyo, katika kampeni za sindano za kichocho zilizoendelea kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980. Jenotaipu 4 ndiyo iliyotawala Misri na Afrika ya Kati.

Katika kliniki ya Marekani, swali la kwanza aliloulizwa ni kama aliwahi kujidunga dawa za kulevya. Huko ni swali la kawaida, kila mgonjwa wa C huulizwa. Yeye alilisikia kama tusi, tena mbele ya mwanawe. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna mtu wa kazini atakayejua anaumwa nini. Sehemu kubwa ya yaliyofuata inaanzia hapo, na naamini kliniki ingeanza kwa kueleza habari ya damu na sindano za kioo, mengi yangeenda vingine.

Mwaka 2010 alichukuliwa kinyama cha ini kwa sindano kikapimwa: kovu la hatua ya 2, katika kipimo ambacho hatua ya 4 ndiyo sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Kwa taratibu za wakati ule hiyo ilitosha kuanza tiba.

Ijumaa jioni

Intaferoni ilikuwa sindano moja kwa wiki, mikrogramu 180 chini ya ngozi. Mama aliichagua Ijumaa, siku ambayo hana zamu, ili homa na maumivu ya mifupa yamalizikie Jumamosi, ambayo pia ni siku yake ya kupumzika. Saa moja kabla anameza parasetamoli. Anaitoa sindano kwenye friji, anaifumbata viganjani mpaka ubaridi uishe, anabinya nyama ya tumbo, anachoma. Kushoto wiki hii, kulia wiki ijayo, maana pale ilipopita panabaki doa jekundu linalowasha siku nyingi. Saa tatu usiku kutetemeka kunaanza. Anavaa koti la baridi ndani ya nyumba na kujifunika blanketi mbili. Mwenyewe anasema ni malaria anayojitia kwa mkono wake kila wiki.

Kabla ya tiba hakuwa anaumwa. Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Homa ya ini aina C hukaa mwilini miaka 20 au 30 bila kelele, kwa hiyo mgonjwa anaingia kwenye matibabu akiwa mzima wa kwenda kazini, na matibabu ndiyo yanayomlaza. Mama alimuuliza daktari swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kisa hiki: "Mnasema virusi vinapungua. Mbona mimi nazidi kuumwa?"

Haya ndiyo majibu ya wiki ya 12. Uzito umeshuka kutoka kilo 61 hadi 54. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, imeshuka kutoka 13.4 hadi 9.1. Ribavirini hupasua chembe nyekundu, na intaferoni huzuia uboho kutengeneza nyingine. Chembe nyeupe za kwanza kupambana na bakteria, zile ziitwazo nyutrofili, zimebaki 810, wakati mstari wa kupunguza intaferoni ni 750. Tezi ya shingo imepimwa pia, kwa sababu intaferoni inaweza kuiharibu na uchovu wa tezi hufanana sana na sonona. Yake iko salama.

Virusi vilianza vikiwa 2,400,000 kwa mililita ya damu. Wiki ya 4 vilikuwa 310,000. Wiki ya 12 ni 9,600.

Kanuni ya wakati ule ilikuwa hivi: ikiwa wiki ya 12 virusi havijapungua angalau mara 100, simamisha tiba, haitaponya. Vikipungua mara 100 au zaidi lakini bado vinaonekana, endelea, upime tena wiki ya 24. Vikionekana hata kimoja siku hiyo, simamisha. Vya mama vimepungua mara 250. Kwa kanuni peke yake, amepita.

Vidonge 40

Wiki ya 8 himoglobini iliposhuka chini ya 10, daktari alipunguza ribavirini kutoka miligramu 1,000 hadi 600 kwa siku, kama mwongozo wa dawa unavyotaka: kidonge kimoja asubuhi na viwili jioni, pamoja na chakula. Wiki ya 12 muuguzi alimwomba alete chupa. Akavimwaga vidonge kwenye trei, akavihesabu viwiliviwili kwa kisu cha plastiki. Vilikuwa 40 zaidi ya vinavyotakiwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Siku tano za kazi kwa wiki, vidonge viwili vya jioni havikumezwa, kwa wiki nne. Jioni mama yuko kiwandani, na chakula cha zamu huliwa kwenye meza moja ndefu ambako kila mtu anaona unachotoa kwenye mkoba. Badala ya miligramu 4,200 kwa wiki alikuwa anameza 2,200.

Mara nyingi jambo kama hili huishia kwenye lawama: mgonjwa hafuati masharti. Naliona kwa namna nyingine. Vidonge 40 vilikuwa habari kubwa kuliko karatasi ya maabara, kwa sababu vilibadilisha maana ya kila namba iliyoandikwa juu yake.

Virusi vimepungua mara 250 kwa dawa pungufu. Mwenye matumaini atasema kwamba akimeza zote vitapungua zaidi. Ana hoja. Utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba waliotumia angalau asilimia 80 ya kila dawa kwa angalau asilimia 80 ya muda walipona zaidi kuliko waliopungukiwa. Lakini himoglobini ya 9.1 nayo imepatikana kwa dawa pungufu. Akimeza zote itashuka tena, na chini ya 8.5 ribavirini inatakiwa isimamishwe kabisa. Kwa hiyo mlango ambao mwenye matumaini anauonyesha umefungwa na damu yake mwenyewe. Zilikuwepo sindano za kuongeza damu ambazo baadhi ya madaktari waliwapa wagonjwa wa namna hii, ingawa hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo na bima nyingi zilizigomea. Ingekuwa kuongeza sindano ya pili kwa mtu ambaye ya kwanza inamshinda.

Aliyekuwa akitafsiri

Kuanzia siku ya kwanza mwanawe ndiye aliyekuwa mkalimani. Kijana wa miaka 27, mwenye adabu, aliyechukua ruhusa kazini kila mara ili asimwache mama yake peke yake. Kila ziara muuguzi aliuliza maswali ya sonona: unalala, unakula, unajiona huna thamani, umewahi kufikiria kwamba afadhali ufe? Kila ziara kijana alitafsiri, na kila ziara jibu lilikuwa, "Anasema yuko sawa, amechoka tu."

Hakuwa anadanganya. Mzazi gani wa kwetu atamwambia mwanawe wa kiume, macho kwa macho, kwamba anatamani kufa? Na mtoto gani atamuuliza mama yake swali hilo kama lilivyoandikwa? Analizungusha mpaka linakuwa "Mama, uko na mawazo?" na mama anajibu kwamba mawazo hayakosekani. Kosa lilikuwa la utaratibu. Katika kliniki zinazopokea fedha za serikali ya Marekani, kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo ni haki inayotokana na sheria ya haki za raia ya 1964. Hapa ilionekana haina haja kwa kuwa kijana yupo.

Siku vidonge vilipohesabiwa, muuguzi alimwomba kijana akanywe chai, akapiga simu ya wakalimani, akaweka spika juu ya meza. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akazungumza kwa muda mrefu kuliko ziara zote zilizopita.

Alisema halali. Alisema mjukuu wake wa miaka mitatu humkimbia, kwa sababu alimpigia kelele kwa kumwaga uji na kelele ile haikuisha haraka. Alisema kazini huingia chooni kulia, kisha hunawa uso na kurudi kwenye mashine. Kuhusu kufa alisema: "Siwezi kujifanyia kitu, Mungu hapendi. Lakini nikilala nisiamke, ningeshukuru."

Kumaliza dozi

Nisimame kidogo hapa, maana hoja ya kijana ni hoja ya wengi wetu na ina mizizi mizuri. Tumelelewa na maneno "maliza dozi". Kwa kifua kikuu ni sahihi kabisa: ukiacha katikati, vimelea vilivyobaki hujifunza dawa na kurudi vikiwa sugu. Kwa malaria na viuavijasumu tunaambiwa hivyohivyo. Mtu aliyeishi kambini ameyaona mabango hayo kwenye kila ukuta wa zahanati, na amewaona waliokufa kwa kuacha. Kijana anapomwambia mama yake ajikaze, anamwambia kile ambacho afya ya jamii ilimfundisha.

Intaferoni ni dawa ya namna nyingine. Haimshambulii kirusi moja kwa moja. Inauchochea mwili wenyewe upigane. Ndiyo maana inaleta homa, na ndiyo maana ukiiacha katikati hakizaliwi kirusi sugu kitakachoharibu dawa za baadaye. Anayeacha hupoteza nafasi ya kupona kwa tiba hii, na virusi hurudi pale vilipokuwa. Hafungi njia ya kesho. Tena tiba hii ilikuja na kanuni za kuacha zilizoandikwa na mabingwa wenyewe, kwa wiki ya 12 na ya 24. Kuacha kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, jambo ambalo mama na mwanawe hawakuambiwa siku walipoanza.

Walichoambiwa ni wiki 48. Mtu aliyeambiwa wiki 48, akafika ya 12, anaona amevunja nusu ya nusu ya safari na kwamba kugeuka ni kushindwa. Angeambiwa "tunajaribu wiki 12, kisha tunakaa chini tuone", angefika siku hii na moyo mwingine.

Mizani

Madaktari wawili wa kliniki ile hawakuafikiana, na wote walikuwa na sababu.

Wa kwanza alitaka kumfikisha wiki ya 24. Kirusi kinaitikia, alisema, tena kwa dawa pungufu. Ampe dawa ya sonona, apunguze intaferoni kidogo, atafute namna ya vidonge kumezwa faraghani, na baada ya wiki 12 nyingine jibu litakuwa wazi. Kuacha sasa ni kuzitupa wiki 12 za mateso ambazo tayari zimelipwa.

Sehemu hiyo ya mwisho siikubali. Wiki 12 zilizopita zimekwenda, aendelee au aache. Swali ni zile zinazokuja: zitachukua nini, na zinaweza kuleta nini? Na zilizokuja hazikuwa 12 tu. Mgonjwa ambaye kirusi chake kinatoweka kwa kuchelewa, kati ya wiki ya 12 na ya 24, alikuwa katika hatari kubwa ya kukiona kikirudi baada ya tiba, na kwa watu hao madaktari wengi walirefusha tiba hadi wiki 72. Kwa hiyo matokeo mazuri kabisa ya wiki ya 24 yangemfungulia mama huyu karibu mwaka mwingine wa Ijumaa zilezile.

Nafasi yenyewe ya kupona ilikuwaje? Wenye jenotaipu 4 waliotibiwa Misri walipona zaidi ya nusu. Waliotoka Afrika kusini mwa Sahara na kutibiwa Ulaya walipona wachache zaidi. Mwaka 2009 ilikuwa imegunduliwa sehemu moja ya sababu: tofauti ndogo ya kurithi karibu na jeni iitwayo IL28B huamua kwa kiasi kikubwa nani anaitikia intaferoni, na umbo lake zuri ni la nadra zaidi kwa Waafrika. Si uvivu, si kukosa imani. Ongeza kirusi kinachoonekana bado wiki ya 12, ongeza ribavirini isiyoweza kupandishwa, na matumaini yaliyobaki ni membamba.

Daktari wa pili aliangalia ini. Kama damu ya 1983 ndiyo chanzo, kirusi kimekaa miaka 28 na kufikisha kovu hatua ya 2. Mama hanywi pombe, hana kisukari, hana UKIMWI, vitu vitatu ambavyo huharakisha kovu. Kwa jumla, kati ya watu 100 wenye ugonjwa huu sugu, 15 hadi 30 hupata sirosisi ndani ya miaka 20. Mama ameupita muda huo bila kufika huko. Ini lake linaenda polepole, na lina miaka ya kungoja. Kovu lingekuwa hatua ya 4, mazungumzo yangekuwa mazito zaidi, kwa sababu mwenye sirosisi anaweza kupata saratani ya ini au kujaa maji tumboni wakati anasubiri dawa bora.

Kisha kuna kazi. Akiendelea kuchoka hivi ataanza kukosa zamu. Akikosa zamu atapoteza kazi. Akipoteza kazi atapoteza bima, na bila bima hakuna sindano ya wiki ya 30. Uwezekano wa tiba kukatika yenyewe katikati ulikuwa mkubwa, na mama alikuwa ameshaona mbele kuliko wote. Ndiyo sababu nyingine alificha vidonge.

Lakini hata kama haya yote yangekuwa sawasawa pande mbili, lile neno lake kuhusu kutoamka lingeinamisha mizani. Sonona ya intaferoni ni athari ya dawa ndani ya ubongo. Katika tafiti nyingi iliwapata watu 20 hadi 30 kati ya 100, wakiwemo ambao hawajawahi kuwa nayo. Inaweza kushuka ghafla kutoka kutamani usingizi mrefu hadi kitendo. Mtu hapewi dawa inayomfanya atamani kufa ili kumkinga na ugonjwa ambao labda ungemsumbua akiwa na miaka 75. Kwangu hapa hakuna mjadala, na ningesema hivyo hata kama virusi vingekuwa vimepungua mara 10,000.

Uamuzi

Walikubaliana kwamba Ijumaa ile hakuna sindano, wala vidonge. Intaferoni haihitaji kupunguzwa hatua kwa hatua. Alipewa dawa ya sonona na miadi ya siku nne baadaye, na mkalimani wa simu akaandikwa kwenye faili kuwa wa lazima kila ziara.

Mama aliomba amwambie mwanawe mwenyewe. Kijana alikunja uso.

"Mama, umebakiza kidogo."

"Mwanangu, sijabakiza kidogo. Nimebakiza wiki 36, na sina nguvu ya wiki moja."

"Na ukifa kwa ini?"

Hapo daktari alichora ini kwenye karatasi na hatua zake nne, akaweka alama kwenye ya pili, akaandika pembeni mwaka 1983 na mwaka 2011. Kijana aliitazama karatasi ile kwa muda. Akauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani. Nadhani ulikuwa mchoro wa kwanza mtu aliowahi kuwaonyesha tangu tiba ianze.

Virusi vilirudi, kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa pili baada ya kuacha vilikuwa tena zaidi ya 2,000,000. Himoglobini ilipanda hadi 12.6. Usingizi ulichukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko damu. Dawa ya sonona aliimeza miezi tisa.

Gharama ya kusubiri

Siwezi kuueleza uamuzi huu kana kwamba haukuwa na bei. Daktari wa pili alimwambia dawa mpya zitafika ndani ya miaka miwili. Kwa mwenye jenotaipu 4, haikuwa hivyo.

Sofosbuviri iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, kwa bei ya dola 1,000 kwa kidonge, dola 84,000 kwa wiki 12. Ila kwa jenotaipu 4 idhini ile ilitaka itumike pamoja na intaferoni na ribavirini. Wiki 12 tu, ni kweli, lakini ni dawa zilezile mbili zilizomwangusha. Alishauriwa asubiri tena, na naona ulikuwa ushauri mzuri. Oktoba 2014 kikatoka kidonge kimoja cha sofosbuviri na ledipasviri, kwa jenotaipu 1 peke yake. Kwa jenotaipu 4 kiliruhusiwa Novemba 2015. Na hapo bima nyingi, za umma na za binafsi, zililipia kwanza wenye kovu hatua ya 3 na 4. Mwenye hatua ya 2 aliambiwa, kwa lugha ya heshima, kwamba hajaumwa vya kutosha. Katika kipindi hicho chote alipimwa ini kila mwaka, na kila mwaka kijana alikuja na karatasi ile iliyochorwa.

Juni 2016 iliidhinishwa sofosbuviri pamoja na velpatasviri, kidonge kimoja kwa siku kwa jenotaipu zote. Bima yake ilikubali mwishoni mwa mwaka huo, baada ya rufaa moja. Kabla ya kuanza alipimwa homa ya ini aina B, kwa sababu dawa hizi zikimwondoa C zinaweza kumwamsha B aliyelala, na watu wa Maziwa Makuu wengi wamewahi kukutana na B. Hakuwa naye.

Safari hii kanuni ya kijana ndiyo iliyokuwa sahihi. Dawa hizi zinamshambulia kirusi moja kwa moja, na zikikatwa ovyo kirusi kinaweza kubaki na usugu utakaofanya tiba ya pili iwe ngumu. Kwa hiyo wiki 12 ni wiki 12. Mama aliambiwa hivyo kwa Kiswahili, kwa simu ya mkalimani, mwanawe akiwa amekaa kando. Kidonge kilimezwa asubuhi nyumbani, hakuna cha kuficha mezani. Aliumwa kichwa wiki ya kwanza, basi.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho hakikuonekana kirusi hata kimoja. Kwa mwenye kovu la hatua ya 2 hilo linaitwa kupona, na halihitaji picha za ini kila miezi sita kama kwa mwenye sirosisi. Muuguzi alimpa karatasi moja ya kuweka pamoja na hati zake za uhamiaji, imeandikwa kwamba kipimo cha kingamwili za C kitaendelea kusoma chanya maisha yake yote, na kwamba kliniki yoyote itakayoona hivyo impime kirusi chenyewe kabla ya kumwambia neno.